Walimwita Nice

Tangu André azame, hakuna aliyemtaja hapa Nchelenge, kando ya ziwa, bila kuongeza neno moja la Kizungu: nice. Clotilde, mjane wake, alilichukia neno hilo kuliko ziwa lenyewe. Mume yule hakujua kukataa. Siku ile ya upepo, mtumbwi ukiwa umeshajaa, aliwapakia na wakimbizi waliomlilia ng'ambo ya Kongo, na ziwa likawameza wote. Tenda wema uende zako, walisema watu. Naye alikwenda zake kweli.

Sasa ilibaki kumrithisha mtu jina lake, maana marehemu asiyerithiwa hutangatanga. Kila alfajiri Clotilde alipogeuza samaki juu ya moshi, alimsikia mlangoni akikaribisha watu ambao hawakuwepo. Ukoo ukamchagua Willy, mwanawe wa pekee, aliyekuwa mpiga kasia. Clotilde akaingiwa na hofu. Anayeshika jina hushika na tabia, na ziwa halijashiba.

Alimwendea Chama, mwalimu wa Kiingereza, akamuuliza kama neno lile ni sifa kweli.

"Maman, ile neno ilitoka mbali," Chama alisema. "Ku Kilatini ilikuwa mutu wa kukosa kujua. Ikapita ku Kifaransa ya zamani, Waingereza wakaipokea: mujinga. Kisha wakaita vile mutu wa kuchagua-chagua. Mwisho kabisa ndiyo ikakuwa mutu muzuri."

"Basi mwanzo walijua," alisema Clotilde, na machozi yakamtoka. Alikuwa amempenda mjinga wake, na bado alimpenda.

Siku ya kurithisha, Mubanga, mjomba wa marehemu, alipoinua ushanga mweupe anaofungwa mrithi, Clotilde alisimama mbele ya Willy.

"Huyu hapana. Mutoto wangu ajue kukatala. Munifunge mie."

Watu waliguna, tangu lini mwanamke akamrithi mwanamume? Lakini hakuna aliyetaka marehemu aendelee kuzurura. Mubanga akamfunga ushanga mkononi, na alfajiri iliyofuata mlango ulikuwa kimya. Clotilde alishukuru Mungu.

Asubuhi hiyo hiyo alipanda mtumbwi wa Willy kwenda kisiwani Chisenga kununua samaki. Abiria walikuwa wamejaa, maji yakikaribia ukingo. Mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, akauliza kama kuna nafasi.

"Hakuna, Mama," Willy alimjibu.

Clotilde alitaka kusema vilevile. Akafungua mdomo.

"Ingia tu, tutasongeana."

Willy akageuka polepole kumtazama mama yake. Alikuwa ameitambua sauti ya baba.