Mke wa Mchukuzi wa Chumvi

Mtaani walimwita Bwana Juzuu, kwa sababu riwaya yake ya pekee, iliyosimulia habari za wachukuzi wa chumvi enzi za vita vya zamani, ilikuwa na juzuu tatu nene ambazo kila mtu aliziheshimu na karibu hakuna aliyezimaliza. Aliiandika ujanani, alipokuwa karani wa mahakama. Miaka ikapita, vitabu vikila vumbi kwenye rafu za watu, mpaka runinga ilipovichukua. Aliyepewa kazi ya kuvigeuza kuwa tamthilia alikuwa binti yake mwenyewe.

Tamthilia ikapendwa kweli kweli. Jumapili jioni ungedhani watu wamehama mtaa. Lakini kilichowamaliza ni kipande kimoja kifupi: kiongozi wa wachukuzi anaaga kwa safari nyingine, na mkewe amesimama mlangoni, halii. "Usiniambie unakaribia kurudi," anamwambia. "Niachie ufunguo tu." Mume anacheka, anaondoka na ufunguo wa ghala kiunoni.

Kesho yake kinyozi alisimamisha mkasi hewani. "Mzee, lile neno la ufunguo! Mama watoto kalia mpaka nikatoka nje. Ulilitoa wapi?"

Bwana Juzuu hakukumbuka kuliandika. Lakini mtu aliyeandika kurasa zote zile, tena zamani hizo, atakumbuka lipi aache lipi? "Lilinisumbua hilo," alijibu. "Nililiandika na kulifuta sijui mara ngapi."

Uongo ulimtoka bila hata kukohoa, na ukazaa. Kwa muuza magazeti alisema lilimjia usingizini. Kwa daktari wa macho akaongeza kwamba siku hiyo alikuwa na homa kali. Kichwa kikamvimba, akaanza kuvaa koti hata akienda kununua mkate. Mara moja alinyoosha mkono rafuni achukue juzuu ya pili, ahakikishe. Akaurudisha mkono, akaenda kunywa maji.

Ndipo maktaba ilipomwalika kuzungumza na wasomaji. Ukumbi ulifurika, wengine wakakaa sakafuni. Binti yake alikuwa mstari wa mbele. Muuguzi mmoja akasimama, bado amevaa sare ya kazini. "Baba, tunaomba utusomee pale pa ufunguo. Tusikie kwa sauti yako mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Bwana Juzuu akafungua kitabu, akapata ukurasa wa kuagana. Ulisema: *Mke alilia mlangoni. Kiongozi akashika njia.* Basi. Akafunua mbele, akarudi nyuma. Mtu akakohoa, mwingine akasogeza kiti. Ardhi ingepasuka, angeingia.

Binti yake akainuka. "Mniwie radhi jamani, kosa ni langu, nimemletea baba miwani isiyo yake." Akamchukulia kitabu mikononi, akautazama ukurasa uleule, akaanza kusoma maneno ambayo hayakuwapo. Alisoma vizuri, bila kukwama. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia baba yake. Naye akainama kuwashukuru, maana hakujua afanye nini kingine.

Garini walifika taa za kwanza za barabarani.

"Hayamo," Bwana Juzuu alisema.

"Najua hayamo, Baba."

"Ungeniambia mapema kwamba umeyatunga wewe."

"Sikuyatunga." Binti alikaza macho mbele. "Ni ya Mama."

Mama yake alikuwa amefariki kitambo.

"Mama yako hakuwa mwandishi."

"Alikuambia wewe. Sisi watoto tulilala tumebanana kama magunia, na chumba kile kingine umekifunga unaandikia. Alikuomba ufunguo. Alisema, usiniambie unakaribia kumaliza, niachie ufunguo tu. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Bwana Juzuu alitafuta siku hiyo kichwani mwake, asiione. Alichokiona ni mlango, meza, taa na karatasi. Sura ya mkewe haikuwamo kabisa, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mimi nilimjibu nini?"

"Ulicheka," binti alisema. "Ukamwambia unakaribia kumaliza."

Hakulaumu, na sauti yake haikupanda. Afadhali angefoka.

Wiki iliyofuata redio ilimwita kwa mahojiano. Aliamua moyoni kwamba huko atayamaliza. Mtangazaji, kijana mchangamfu, hakuchelewa kufika kwenye ufunguo, na Bwana Juzuu akamkatiza: "Maneno yale si yangu. Ni ya marehemu mke wangu."

"Wasikilizaji, mnausikia unyenyekevu huo!" mtangazaji alicheka. "Mzee anampa sifa mkewe!"

"Simpi sifa, kijana. Nilimwibia. Nimezunguka mjini kote nikijisifu kwa maneno aliyonilalamikia mimi."

Kicheko kikakatika. Mtangazaji akapapasa karatasi zake. "Sasa… alipokuambia hivyo, Mzee, wewe ulifanyaje?"

Hilo hakulitarajia. Alikuja na ungamo lililopimwa vizuri, lenye hata uzuri wake. Jibu hili halikuwa na uzuri wowote. "Nilicheka," alisema. "Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Watoto waliendelea kubanana. Leo hata uso wake wa siku hiyo siukumbuki." Mtangazaji akawasha muziki.

Alirudi kwa miguu, njia ya nyuma, asikutane na mtu. Lakini muuguzi wa maktaba alimwona mbele ya duka la dawa, na safari hii hakumsalimia kwa kelele. Alitikisa kichwa kidogo akapita. Bwana Juzuu aliona amestahili.

Nyumbani, redio ndogo ilikuwa juu ya kabati la jikoni, bado inaongea. Binti yake alikuwa anakata vitunguu, na macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu, au kingine, hakuthubutu kuuliza.

"Umesikia?" alisema, akiwa bado kizingitini.

"Nimesikia."

Alingoja. Binti alipangusa kisu, akakiweka chini, akavuta kiti cha pili kutoka mezani.

"Kaa, Baba. Nimenyee viazi."

Akakaa, akavimenya vyote pasipo kuinua uso.