Nyongeza ya Timu ya Kangemi

Usiku wa jana niliota mizani ya buchari yangu imevaa jezi ya milia na inapuliza filimbi.

"Mzee Kasyoki, amka," ikasema. "Fainali inaanza, na timu ya mtoto wako haina nyumbani."

Mtoto wangu ni Nduku, kipa wa timu ya watoto ya mpira wa magongo wa kwenye barafu hapa Kangemi. Ndiyo, barafu. Wanafanya mazoezi na viatu vya magurudumu nyuma ya kanisa, na barafu yenyewe wanaiona siku ya mechi tu. Watu walicheka mpaka wakachoka. Siku hizi wanashangilia.

Nafungua mlango. Soko lote limeganda. Nyanya zimeganda, mbuzi amesimama miguu imeteleza pande nne, hataki kuulizwa kitu. Sikushangaa. Niliuliza tu wageni tunaocheza nao wametoka wapi.

"Kaskazini ya mbali," mizani ikajibu. "Mimi ndiye refa. Kanuni inasema timu moja iwe ya nyumbani. Basi leteni nyumbani kwenu nipime. Mkiwa wepesi kuliko wageni, kombe linaenda, barafu inaenda, na hawa watoto hawachezi tena."

Wageni walikuwa watoto wenye ndevu. Waliweka kijiji chao kizima kwenye sinia moja ya mizani: ziwa, kanisa, na bibi mmoja anayefuma soksi. Sinia ikagonga chini. Yetu ikapaa tupu juu ya mabati ya soko.

Nduku akanitazama kupitia wavu wa kofia. "Baba, si useme kitu."

"Linda goli. Mimi nasema."

Nikaita watu. Shikuku, fundi anayewashonea viatu, akaja na kibanda chake mgongoni. Kwaya ikabeba ule ukuta wa kanisa uliojaa alama za kisahani, kile kijiduara cheusi wanachokipiga. Akina mama wakaleta barafu za friji kwa sufuria. Sinia yetu ikashuka, ikashuka, ikasimama. Bado upana wa kidole.

"Mmepungua," mizani ikasema.

"Wewe nilikununua mimi."

"Matusi kwa refa. Kifungo cha dakika mbili."

Nafungwa. Gereza ni la kweli, lina askari na uji usio na sukari. Askari ananiuliza kama nina mtoto. Namwambia ninaye, ni kipa. Anasimama, anapiga saluti, ananifungulia.

Nilipotoka, mizani ilikuwa tayari imeshika kombe, inataka kuwakabidhi wenye ndevu. Watoto wetu wanavua viatu.

Ndipo Mama Achola wa chapati akaja mbele. Huyu ni mteja wangu, na tangu nifungue buchari hajawahi kuondoka bila nyongeza, kile kipande cha bure juu ya kipimo, hata akinunua robo.

"Umeshapima?" akaiuliza mizani.

"Nimepima."

"Na nyongeza?"

Mizani ikatazama chini.

"Nyongeza haimo kwenye kanuni," ikasema.

"Hata kwenye bei haimo. Lakini ulishaona mtu wa Kangemi akibeba nyama bila nyongeza?"

Mizani ikashusha filimbi. Imekaa kwenye kaunta yangu miaka yote hiyo, inajua.

Nikajipapasa. Sina nyama, sina kisu, nina aproni tu. Nikapanda mwenyewe kwenye sinia.

"Wewe ni kipande kidogo," mizani ikasema.

"Nyongeza huwa kipande kidogo."

Sinia yetu ikagonga barafu. Filimbi ikalia.

Sikumbuki magoli. Nakumbuka kisahani cha mwisho kikija mbio, kikisema, "Dada, nipishe."

"Upite uende wapi?" Nduku akakiuliza. "Hapa ni kwetu." Akakidaka.

Nilisimama juu ya ile sinia kifua kimenijaa mpaka kamba ya aproni ikakatika. Mbuzi akapiga makofi. Wageni wakapewa mkono, kisha wakaulizwa kama wamekula.

Nikaamka, nikafungua buchari kama kawaida. Wa kwanza alikuwa Mama Achola, nusu kilo. Nikapima, nikakata kipande cha juu.

Akafunika nyama yake kwa kiganja.

"Leo usiniwekee," akasema. "Nyongeza yako ulishatoa. Na umwambie Nduku alidaka vizuri."