Ndola, Nyuma ya Mgongo wa Mkwe

Mama Kapinga alipotangaza kwenye soko la Dilala, mjini Kolwezi, kwamba anakwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, wenzake wa meza za makayabu, samaki wakavu wa chumvi, walicheka hadi mmoja akaangusha samaki. Si kwamba walimdharau. Mwaka ule hakuna mtu aliyekuwa akienda popote. Kobalti ilikuwa imezuiwa kutoka nchini, wanunuzi wa mawe walikuwa wamefunga maghala, na vijana wachimbaji wa Mutoshi walipita sokoni mikono mifukoni, wakinusa samaki na kwenda zao.

"Ndola? Mu Zambia kabisa?" aliuliza Mama Brigitte, jirani yake wa meza, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. "Na utalala wapi? Ku hoteli?"

"Mungu iko na hoteli yake," alijibu Mama Kapinga, akaendelea kukata samaki.

Alijibu kwa ushujaa, lakini ukweli ni kwamba hata yeye hakujua atalala wapi. Binti yake Yolande alikuwa ameolewa huko Ndola na dereva wa malori aitwaye Guelord, na nyumba yao ilikuwa na nafasi. Shida ilikuwa buko. Kwa Waluba wa Kasai, hata hawa wa Kolwezi ambao babu zao waliletwa kwa treni kufanya kazi ya migodi, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya bati moja. Wanaheshimiana kwa kukwepana. Haya hiyo huvunjwa na mbuzi: siku mkwe anapomletea mama mkwe mbuzi wake, ndipo wanapoweza kushikana mikono na kusalimiana kama watu.

Guelord alikuwa ametoa mahari yote bila kunung'unika. Mbuzi tu ndiye aliyechelewa. Mwaka mmoja Guelord alisema mbuzi anakuja, mwaka uliofuata akasema mbuzi yuko njiani, kisha malori yakasimama kwa kukosa mzigo na Guelord akaenda kutengeneza injini katika gereji moja huko Ndola. Hapo ndipo Ntambwe, mdogo wa marehemu mume wa Mama Kapinga na kichwa cha familia, alipochoka.

"Mwanaume mwenye kushindwa mbuzi moya, atalisha mutoto yetu na nini?" alisema. "Wende kule, umukamate Yolande mukono, umurudishe ku nyumba."

Neno la Ntambwe si la kuchezea. Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe: kwenda kuvunja nyumba ya binti yake. Lakini moyoni Mama Kapinga alikuwa amebeba pia mambo mawili ambayo hakumwambia mtu. Alitamani kumpakata mjukuu wake Mianda, ambaye alikuwa amemwona kwenye simu tu. Na alitamani, jamani, alitamani sana, kuona mji wa nchi nyingine kabla hajazeeka. Aliona haya kufurahia safari ya namna ile, na bado alifurahia.

Nauli ya basi ilikuwa juu ya uwezo wake. Akamwendea mzee Lucien, rafiki wa marehemu mumewe, aliyekuwa bado na lori linalotembea. Lucien akamwekea nafasi kwenye kiti cha mbele. Mama Kapinga akabeba unga wake, makayabu yake na mkeka wake, ili asimlemee mtu. Walipita Fungurume, wakapita Lubumbashi, wakasota kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa. Upande wa pili wa mpaka, Lucien alihamia mkono wa kushoto wa barabara. Mama Kapinga akapiga kelele kwamba wanakwenda kufa, na mzee wa watu akacheka hadi machozi. Huko watu wote huendesha kushoto.

Lucien alimshusha Ndola mchana, kwenye kituo cha mabasi, akaendelea na mzigo wake. Ilikuwa Julai, na baridi ilikuwa kali. Yolande alikuwa ameahidi kumpokea, lakini kwa baridi ile hakuthubutu kumtoa mtoto nje, akamtuma mumewe. Alimwonya asimame mbali na aoneshe njia tu. Aliyesahauliwa kuambiwa ni Mama Kapinga.

Basi alipogeuka na kumwona kijana mrefu mwenye mabega mapana akija upande wake, na kumtambua kwa picha ya harusi, alifanya kile ambacho mama yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alijifunika kitenge kichwani, akabeba mzigo wake na kukimbia.

Nasema kukimbia, ingawa kwa umri wake na uzito wa makayabu yale ilikuwa zaidi kutembea kwa hasira. Aliingia barabara ya kwanza aliyoiona. Alipochungulia nyuma, Guelord alikuwa anamfuata, akijiweka mbali, ameinamisha kichwa. Akaongeza mwendo. Guelord naye akaongeza. Hakuweza kumwita, maana jina la mama mkwe halitajwi ovyo. Hakuweza kumwacha, maana ungekuwa unyama. Watu wa Ndola walitazama jambo lile na kupisha.

Na hivyo, akimkimbia mkwe wake, Mama Kapinga akaanza kuuona mji. Barabara zilikuwa pana na zimefagiliwa. Watu wa mabasi madogo walikuwa wamepanga foleni, kila mtu nyuma ya mwenzake, bila askari wa kuwasimamia! Wanawake walikuwa wakiuza vitumbua kando ya njia na kusalimiana kwa Kibemba, na maneno mengine aliyaelewa kabisa, kama vile watu hawa walikuwa majirani wa Dilala waliohama jana. Alisahau kidogo kwamba yuko mbioni. Akashuka barabarani huku akitazama jumba moja refu, na akaangalia magari upande wa kushoto, kama anavyofanya kwao.

Magari yalikuwa yakitoka kulia.

Alisikia breki na honi, na kabla hajajua afanye nini, Guelord alikuwa amekwisha kumpita. Alisimama katikati ya barabara ametandaza mikono yote miwili, amewaelekea wenye magari. Kwa Mama Kapinga alikuwa amegeuza mgongo. Madereva walipiga honi, mmoja akamtukana kwa Kiingereza, naye hakusogea. Alisubiri hadi kishindo cha viatu vya mama mkwe wake kilipofika upande wa pili. Wala hakugeuka kutazama.

Mama Kapinga alisimama pale akimtazama. Alikuwa amewahi kuona heshima nyingi maishani, za kupiga magoti na za kuinamisha kichwa. Heshima ya kusimamisha magari kwa kifua, na bado mtu akumbuke kutokugeuka, alikuwa hajaiona. Alimpenda kijana yule palepale, na jambo hilo likamuudhi, maana hakuja kumpenda.

Toka hapo Guelord alitangulia na yeye akafuata. Alitembea polepole. Penye kitu kizuri alisimama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, ili mgeni apate muda wa kutazama. Alifunga viatu mbele ya kanisa kubwa la matofali, akafunga mbele ya bustani, akafunga mbele ya duka lenye vitambaa vya rangi zote. Viatu vyake, Mama Kapinga aliona baadaye, havikuwa na kamba.

Yolande alimlaki mlangoni na mtoto mgongoni, akalia, akacheka, akamwambia asihangaike na mahali pa kulala.

"Guelord iko na kazi ya zamu usiku, mama. Analinda gereji. Ule kitanda ni yako."

Mama Kapinga alilala chini ya mablanketi mawili mazito akiwa na Mianda kifuani na Yolande ubavuni, akamshukuru Mungu kwa zamu za usiku. Siku zilizofuata walizunguka mji bila gharama yoyote. Kila alasiri Guelord alitangulia mbali na wanawake wakafuata na mtoto. Waliona soko la Masala, waliona ndege ikishuka, waliona watu wakicheza mpira kwenye nyasi. Hata huko shida ilikuwapo. Umeme ulikatika tangu asubuhi, watu walipikia makaa nje, na bei ya unga iliwafanya waguse paji la uso. Lakini walioga, wakapiga pasi za makaa, wakaenda kazini wamenyooka. "Hawa bantu banajua kuteseka na mashati safi," alisema Mama Kapinga, na alimaanisha sifa.

Jikoni kwa binti yake alichunguza kila chungu, kama Ntambwe alivyomtuma. Chakula hakikuwa kingi, lakini hakuna siku kilikosekana. Alimwuliza Yolande kama anapigwa, kama analala njaa, kama anataka kurudi.

"Kurudia wapi, mama?" Yolande aliuliza kwa mshangao. "Mi niko ku kwetu."

Asubuhi moja Mama Kapinga aliamka mapema, akatoka kumwaga majivu. Gereji ilikuwa nyuma ya ukuta mfupi, karibu kabisa na nyumba. Aliona malori yaliyokosa mzigo yamepangwa, na kwenye moja mlango ukafunguliwa. Guelord akashuka. Alikuwa amejifunika turubai, lile la kufunikia mzigo, na alikuwa akitetemeka hadi alishindwa kufungua bomba la maji. Akavuta pumzi, akanawa uso, akakunja turubai lake vizuri na kulirudisha.

Kumbe hapakuwa na zamu. Gereji ilikuwa na mlinzi wake, mzee mmoja aliyekaa langoni na kumsalimu Guelord kama jirani yake wa kila siku. Mablanketi yote mawili ya nyumba yalikuwa juu ya mama mkwe.

Mama Kapinga alirudi ndani na ndoo yake ya majivu bado imejaa. Aliketi kitandani akalia kimyakimya. Kichwani alimwona Ntambwe akisema juu ya mwanaume anayeshindwa mbuzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kumzaba shemeji yake kofi.

Siku ya kuondoka walimsindikiza kituoni, ambako Lucien alikuwa amerudi kumchukua na lori lake. Yolande alisimama naye, Mianda mikononi. Guelord alisimama hatua chache mbele, amewapa mgongo, ameshika mkeka wa mgeni. Hapo simu ikalia, na alikuwa Ntambwe.

"Mutoto umemukamata? Munafika lini?"

Mama Kapinga alimtazama binti yake, ambaye uso ulikuwa umebadilika. Yolande hakuwa mjinga. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza kilichomleta mama yake.

"Mi narudia peke yangu," alisema Mama Kapinga. "Mbuzi ilitoka."

"Ilitoka? Guelord alitoa mbuzi?"

"Alitoa. Niliisha kuikula."

"Na mukono yangu? Mukono ya mbuzi ni ya mukubwa wa familia!"

"Nitakuletea mukono yako," alisema, akikisia tayari atauza makayabu mangapi ili aununue, akakata simu.

Guelord alikuwa amesikia. Mabega yake yaliganda. Kwa kuwa hakuweza kusema na mama mkwe, alimtuma mtoto wake kwa kaku, yaani bibi yake, bila kugeuka, kama desturi inavyoruhusu.

"Mianda, ambia kaku: tata hakutoa kitu. Tata iko na haya mingi."

"Mianda," alijibu Mama Kapinga kwa sauti ya juu, na mtoto akamkodolea macho, "ambia tata yako asibishane na mukwe wake. Kama kaku anasema alikula mbuzi, alikula mbuzi. Ambia ye, kulala mu kamyo ndani ya baridi inaisha leo. Na nikirudia huku, tutalala boote mu nyumba moya."

Lori likaanza kuunguruma. Mama Kapinga aliona mkeka ukitikisika mikononi mwa kijana yule, akaelewa kwamba analia.

"Guelord," alimwita, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza. "Geuka."

Alisita. Kisha akageuka, macho bado chini, na polepole akayainua. Mama Kapinga alimtazama usoni. Kwa mabega yale alikuwa amedhani ni mtu mzima. Alikuwa kijana mdogo tu, mwenye masizi ya injini kwenye nyusi na midomo iliyopasuka kwa baridi.

"Mutoto wangu," alisema, akampa mkono.