Kisahani Kilichokataa Kuwaka

Mle maabarani walimwita Bi Wasiwasi, naye hakukasirika, maana ni kweli. Kila kisahani cha seli alikiandika mara mbili: juu ya mfuniko kama wenzake, na chini kwenye kitako. Walimcheka hadi wakachoka.

Asubuhi hiyo hakuwa na hamu ya utani. Seli za visahanini zilitoka kwenye ngozi ya binti wa dada yake, mtoto wa miaka minane anayechubuka hata akikumbatiwa. Jeni yake moja ina kosa. Maabara ilitengeneza maganda ya virusi, matupu, yasiyoweza kumuumiza hata sisimizi, ikayajaza kimeng'enya cha kurekebisha jeni. Ganda likigusa seli linaingiza mzigo wake ndani, kazi inafanyika, mzigo unayeyuka. Zikirekebishika, seli zingewaka kijani chini ya darubini, na mtoto angeingia kwenye orodha ya majaribio ya tiba. Zikikataa, basi tena. Orodha ilikuwa inafungwa adhuhuri ileile.

Mkuu wa maabara, mzee wa vyeti hadi ukuta umekosa nafasi, alitia mwenyewe rangi ya kuziwasha seli zilizorekebishika kwenye visahani viwili, kimoja chenye maganda, kingine bila. Akachungulia kile ambacho mfuniko wake uliandikwa "Maganda". Giza tupu. Akavua miwani, akampa Bi Wasiwasi pole, akatoka kwenda kuwaarifu madaktari.

Bi Wasiwasi alikiinua kisahani akitupe, machozi yakimlenga, ndipo akasoma kitakoni: "Bila maganda." Haya! Yule msomi wetu alivua mifuniko yote miwili kwa pamoja, akairudisha kinyume.

Akakiweka kisahani cha pili chini ya darubini. Jamani, kijani! Kijani kila kona! Alimfukuzia mkuu koridoni, viatu mkononi. Mkuu alirudi, akachungulia, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu aandike kitakoni, yeye akiwa wa kwanza. Adhuhuri haijafika, jina la mtoto likawa orodhani.

Alipopiga simu nyumbani, dada yake alilia kwa furaha. Mtoto akaichukua simu.

"Mama mdogo, nimepona?"

"Wewe bado, mwanangu. Ila seli zako za huku zimepona. Zimekutangulia."



"Basi ziambie zinisubiri. Nakuja."