Waya wa Sirari

Shemeji yangu Nelson anapika kwenye kambi ya watalii kule Natta. Mwaka jana meneja wake alipomaliza mkataba akamwachia amplifaya na spika mbili za mbao, kila moja na uzito wa mbuzi aliyeshiba. Nelson alizileta nyumbani kwake Mbalibali kwa pikipiki, akarudi kazini. Miezi kumi na moja zikakaa sebuleni zimefunikwa vitambaa, juu yake maua ya plastiki. Dada yangu Tabitha alizipenda sana zikiwa hivyo.

Mwezi wa sita Nelson akapata likizo ya siku kumi na nne. Alikuwa na haja moja tu: kukaa kwenye kochi lake na kusikiliza nyimbo za iritungu, zeze letu la nyuzi nane, kama meneja alivyokuwa akisikiliza za kwao, amefumba macho na miguu juu ya stuli. Meneja alishamwambia kwamba mashine si kitu, waya ndio kila kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza ya likizo hakufungua hata begi. Alikwenda Sirari, akarudi usiku na waya wa buluu mnene kama kidole gumba, vipande viwili vya mita tatu. Mwenye duka, Zablon, alikuwa amempa aujaribu wiki moja. Akiupenda, bei yake ni sawa na mtamba.

"Zablon anasema hauna oksijeni ndani," akanieleza.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi Mugumu, na waya ni sehemu ya ugali wangu.

"Na huu wangu wa kufungia nyumba umeme unapumua, shemeji?"

"Ndiyo shida yake."

"Basi nisiufungie stoo, utakosa hewa."

Tabitha alikuwa anapepeta maharage. "Mtamba hatoki hapa kwa ajili ya kamba," akasema. "Mpaka mtu mwingine, siyo wewe, asikie tofauti."

"Mtu gani?"

"Yeyote mwenye masikio."

Kesho yake mwenye masikio akafika. Mama yetu, Nyangi, alikuja kumwona mjukuu, akaketi kwenye kochi, likamkubali. Sasa kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hawatazamani, hawali pamoja, na mmoja akipita uani anakohoa ili mwingine apotee. Nelson alitokea mlango wa nyuma na bakuli la uji mkononi, akahamia jikoni, ile nyumba ndogo iliyo ng'ambo ya uwanja. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa posta.

Siku ya tatu tukafanya mtihani. Nilitundika kanga mbele ya spika ili Mama asione ninachofunga.

"Usinichezee, mura," Nelson akanionya kabla, kwa neno letu la kumwita kijana. "Najua unauza waya."

"Shemeji, mimi ni mtu wa haki."

"Ndiyo maana nakuonya."

Marehemu baba yetu alikuwa mpigaji wa iritungu, na Mama ndiye mtu pekee aliyewahi kumkatiza katikati ya wimbo. Nikafunga waya wangu kwanza. Mama akasikiliza huku anambembeleza mtoto.

"Huyu anapigia nyumba ya jirani."

Nikafunga wa Zablon.

"Huyu yumo humu ndani. Kucha ya kidole gumba imepasuka."

Mara ya tatu nikajifanya nabadilisha, nikagongagonga bisibisi, nikauacha uleule.

"Mbona hujabadilisha kitu?" akasema. "Mura, nimekuzaa mimi."

Tabitha akaliangalia zizi kwa muda. "Haya. Mtamba aende."

Nikavuka uwanja na habari njema. Nelson hakuruka.

"Alisema kucha imepasuka?"

"Ya kidole gumba."

"Mimi sijaisikia."

"Huwezi, uko jikoni."

Sebuleni Mama alikuwa ameshauliza kwenye flashi ya Nelson kuna nyimbo ngapi. Mia mbili na kumi na mbili. Akasema atazimaliza taratibu, akamtuma Tabitha blanketi. Hakuna anayemuuliza mama mkwe ataondoka lini. Kwa hiyo siku nne zilizofuata Nelson aliusikiliza ukuta. Alisema unatoa sauti kama nyuki waliomo ndani ya debe.

Siku ya saba, siku ya kumjibu Zablon, nikamkuta ameketi kwenye mfuko wa mkaa.

"Nikiununua," akasema, "mama atasikia kucha, na mimi nitarudi Natta."

"Utakuwa umemfanyia jambo kubwa."

"Nilitaka kujifanyia mimi."

Kuhamisha spika zote mbili kungekuwa kumfukuza mama mkwe kwa bisibisi. Lakini moja inahama. Nikapima kwa hatua njia ya waya mpaka jikoni, ikizungukia darini na chini ya upenu: mita ishirini na saba. Nelson akampigia Zablon kuuliza waya wa buluu wa urefu huo. Zablon akamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Nelson akakata simu. "Wako unauzwa kwa mita?"

"Kwa mita, kwa roli, kwa ndugu."

Waya wa buluu ukarudi Sirari. Mchana wa siku ya nane nikafunga wangu kwa spika zote mbili, moja kwa Mama, nyingine jikoni juu ya gunia la mahindi, nikawasha. Kumbe aliyerekodi nyimbo zile zamani aliweka iritungu spika moja na mwimbaji spika nyingine. Mama akapata iritungu. Nelson akapata mzee mmoja anayemsifu dume la ng'ombe peke yake.

"Mpigaji karudi kwa jirani," Mama akasema. "Na mwimbaji yuko wapi?"

"Yuko jikoni, na mkwe wako."

Akafikiri. "Anaimba vizuri?"

Nikavuka uwanja. Nelson alikuwa amefumba macho, miguu juu ya kinu. Nikauliza mara mbili.

"Mwambie mama kwamba mzee anaimba vizuri. Ila ubeti wa pili amesahau maneno."

Nikampelekea. Mama akasema anajua, amemsikia mpigaji akimsubiri.