Pointi za Marehemu

Jumanne ya pili ya Septemba ilikuwa zamu ya Lois jikoni. Ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji: vyumba vitatu, wapangaji tisa, kila mmoja dakika arobaini. Saa kumi na mbili na nusu jioni, taa za Discovery Gardens, mtaa wao wa Dubai, zikianza kuwaka huko nje, Lois alikuwa anakaanga vitunguu mumewe Jotham alipoingia na kuvua viatu mlangoni kama alivyozoea. Jotham alikuwa amefariki tarehe kumi na nane Julai na kuzikwa Kitale tarehe mbili Agosti, nyuma ya nyumba ya mama yake, karibu na ghala la mahindi.

"Mama Annah," alisema, "ile bahasha ya vyeti vyangu uliiweka wapi?"

"Iko chini ya godoro. Unaitakia nini?"

"Si nilikuwa nimeomba ile nchi ya baridi? Naona ni vizuri nimalize."

Lois alipunguza moto, akamtazama. Jotham alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, na upindo wa suruali ulikuwa na udongo mwekundu wa Kitale. Hakuwa amekonda wala kunenepa. Mazishi yake Lois aliyaona kwenye simu, katika chumba cha kubadilishia nguo cha kliniki alikofanya kazi ya uuguzi msaidizi kule Oud Metha, kwa sababu madam wake wa kazi alimpa ruhusa ya saa mbili tu. Kwa hiyo ile suti alikuwa hajaiona kwa karibu. Aliona kwamba walikuwa wamemfunga tai vibaya, akaifungua, akaifunga upya.

Jalia, Mganda aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Lois, alichungulia jikoni akauliza kama huyu naye ataingizwa kwenye ratiba ya bafu. Jotham alimjibu kuwa yeye haogi tena. Jalia aliridhika, akarudi chumbani.

Maombi yale mume na mke walikuwa wameyaanza pamoja mwaka uliopita, katika ofisi ndogo ya Mzee Msellem, mtaa mmoja na kliniki. Mzee Msellem alizaliwa Dubai kwa wazazi wa Unguja, na kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu za kwenda kwingine. Nchi ile ilichagua watu kwa pointi. Kulikuwa na pointi za umri, za elimu, za lugha, za uzoefu, za afya, na za kutokuwa na wategemezi. Aliyefikisha sitini na tano aliitwa. Jotham alikuwa na hamsini na nne. Lois sasa alikuwa na hamsini na nane, ila alikuwa ameshapita miaka thelathini na tano, na kila siku yake ya kuzaliwa ilimpunguzia pointi mbili. Walikuwa na binti mmoja, Annah, wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake Kitale, na mpango wao ulikuwa kwamba atakayeitwa kwanza awavute wenzake.

Siku ya pili yake, jua lilipozama, walikwenda kwa Mzee Msellem. Mzee alimpa Jotham kiti na pole ya msiba, akawasha kompyuta.

"Tuanze na umri," alisema. "Ulifariki na mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Basi ndo hiyo hiyo daima. Haipandi tena. Afya je? Kisukari, presha, mgongo?"

"Sina."

"Huna, ndiyo. Uzoefu?"

Hapo Jotham alieleza kwamba kampuni yake ya ghala, kule Al Quoz, haikuwa imemfuta kwenye orodha ya zamu. Jina lake lilikuwa bado linaitwa kila asubuhi kwenye basi, na msimamizi aliweka alama ya kuwapo kwa sababu hakutaka kueleza ofisini kwa nini hayupo. Kwa hesabu ya kompyuta, uzoefu ulikuwa unaongezeka.

"Wategemezi," Mzee Msellem alisema, akamtazama Lois, kisha akarudisha macho kwenye kioo. "Ndoa huisha mmoja akifariki. Hana mke. Na mtoto ni wa aliyebaki. Inakuwa sabini na moja."

"Ngoja kidogo, Mzee," Lois alisema. "Kwa kazi yuko hai, lakini kwa ndoa amekufa?"

"Fomu yao ndivyo ilivyo, mwanangu. Miye sikuitunga."

Tangu siku hiyo Jotham alikuja kila jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda na kutazama kwenye simu ya Lois mjadala wa bunge la nchi ile. Wabunge walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema wageni wamejaa na mlango ufungwe. Upande wa pili ulisema hakuna watu wa kuvuna, hakuna wa kupakia mizigo, wazee wanakaa na nepi moja kutwa nzima kwa kukosa wa kuwabadilisha. Lois alisikiliza huku akipiga pasi sare yake. Aliona wanazungumza habari za watu kama fundi anavyozungumza habari za mchanga, kwamba hapa umezidi na pale umepungua. Mbunge mmoja alipendekeza wawachukue wafanyakazi lakini wasichukue watu, na wenzake wakamcheka, naye akaketi. Lois alizima pasi.

"Unayafurahia haya?" alimuuliza mumewe.

"Nafanyia mazoezi Kiingereza," Jotham alisema.

Mwezi Novemba ujumbe wa nchi ile ulifika kufanya usaili katika ukumbi wa hoteli moja Oud Metha. Jotham alipangiwa wa mwisho. Lois alimsindikiza amebeba bahasha. Mezani walikaa watu watatu: bwana wa wizara, ambaye alikuwa wa upande wa kufunga mlango, mama mmoja mwenye skafu ya hariri, aliyewakilisha wenye maghala na mashamba, na karani. Bwana na yule mama walikuwa wakibishana tangu asubuhi mbele ya waombaji, na walikuwa bado wanabishana Jotham alipoketi. Chai yao ilikuwa imepoa.

Karani alimtaka Jotham aweke kidole kwenye mashine ya alama. Mashine haikuona kitu. Karani alikifuta kioo cha mashine kwa leso, akajaribu tena, kisha akaandika kwamba mwombaji hana alama za vidole, akaendelea.

"Uliacha kazi kwa sababu gani?" aliuliza mama mwenye skafu.

"Nilikufa, madam."

"Katikati ya zamu?"

"Mwishoni. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Tulikuwa tunashusha kontena."

"Kwa hiyo hukuiacha kazi njiani."

"Hapana, madam. Nilianguka na boksi la mwisho."

Mama aliandika kitu, akakipigia mstari. "Uvumilivu," alimwambia karani. "Mpe tano."

Lois alisimama. Hakuwa amepewa nafasi ya kusema, na hakuiomba.

"Saa saba na nusu mchana mwezi wa Julai, sheria ya hapa inawakataza watu kufanya kazi juani," alisema. "Msimamizi aliwaambia ndani ya kontena si juani. Jotham aliomba maji mara tatu. Aliambiwa yalla, haraka, maliza kwanza. Cheti cha kifo kimeandikwa sababu za kawaida. Kwa vile mnaandika, mwandike na hilo."

Walimsikiliza kwa adabu. Karani alipitia fomu kurasa zote nne, mbele na nyuma, akitafuta mahali pa kuandika.

"Samahani," alisema. "Nafasi yake haipo."

"Huomba maji mara ngapi kwa zamu, kwa kawaida?" bwana wa wizara aliuliza.

"Sasa siombi tena," Jotham alijibu. "Sisikii kiu."

Hapo bwana wa wizara aliweka kalamu chini. Alimuuliza karani kama mtu wa namna hii, akiingia nchini, anahesabiwa miongoni mwa wakazi. Karani alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kimya, akasema hahesabiwi. Je, atahitaji nyumba? Hapana. Hospitali? Hapana. Ataleta familia? Kwa mujibu wa fomu, hana. Na siku moja atadai uraia, apige kura? Karani alisoma tena, akasema wanaopiga kura lazima wawe hai.

Bwana wa wizara alimtazama mama mwenye skafu, naye akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana. Walipeana mikono juu ya bahasha ya vyeti vya Jotham, na yule mama alikuwa na machozi machoni.

"Wapo wengine?" mama yule alimuuliza Lois.

Lois alikwenda msalani, akanawa uso, akarudi kumchukua mumewe. Jotham alikuwa ameshawaambia kwamba wapo, Al Quoz peke yake wapo wengi.

Waliondoka Januari. Walikuwa thelathini na mmoja, Wanepali, Wabangladeshi, Wapakistani, Wakenya sita, kila mmoja na nguo alizozikwa nazo. Basi la kampuni liliwapeleka uwanja wa ndege jioni. Lois alifika na teksi kutoka kazini. Alimkuta Jotham amesimama kwenye foleni pamoja na wenzake, hawana mabegi, hawana wa kuwaaga isipokuwa yeye.

"Kataa," alimwambia. "Bado unaweza kukataa. Rudi Kitale upumzike. Mama yako amepanda maua pale."

"Niliyaona. Ni mazuri." Alifikiri kidogo. "Lakini kule chini, Mama Annah, hakuna cha kufanya ila kuwaza. Nikiwaza nafika kwenye lile kontena. Afadhali nibebe mizigo."

"Annah nitamwambia nini?"

"Mwambie baba amepata."

"Na mimi?"

"Wewe una pointi hamsini na nane," Jotham alisema. Hakusema kwa ubaya. Alimshika bega, na Lois aliuhisi uzito wa mkono wake, mkono ule ule aliouzoea kwa miaka kumi na mmoja. Kisha foleni ilisogea, naye akasogea nayo.

Sasa hupiga simu Ijumaa jioni. Husema ghala ni kubwa, zamu haina mwisho na hakuna anayechoka. Bunge la kule liliupitisha mpango kwa kura za pande zote mbili. Kampuni ya Al Quoz ililifuta jina lake kwenye orodha na kumpongeza kwa barua. Cheti cha kifo hakikubadilishwa.

Mwezi Februari Lois alitimiza miaka thelathini na tisa. Siku iliyofuata, kabla ya zamu ya saa nane mchana, alipita kwa Mzee Msellem kujua amebakiza pointi ngapi. Mzee alimwambia hamsini na sita. Kisha akatoa fomu mpya, iliyoingia wiki ile, akaisukuma mezani kwa ncha za vidole bila kumtazama usoni. Swali la kwanza, kabla ya jina, lilikuwa hali ya mwombaji: hai, au marehemu. Marehemu alipewa pointi ishirini. Aliye hai hakupewa kitu.

"Wenyewe wanasema si lazima," Mzee Msellem alisema kwa sauti ya chini. "Mtu na hiari yake."

Lois alichukua kalamu. Alitia alama kwenye neno hai, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka na wino ukaingia kwenye meza ya mzee. Lois aliaga, akafungua mlango.

Nje, foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Wote walikuwa hai. Walikuwa wameshazishika zile fomu mpya, wakiulizana kwa utulivu kuwa marehemu kunachukua muda gani.