Mgongano Mmoja, Atomi Mbili

Kwa wiki tatu mguu wa Kageha haukutulia. Akikaa unatikisika, akila unatikisika, hata kanisani jirani alimshika goti akamwambia, "Dada, hii benchi ni yetu sote." Kilichomkosesha raha ni namba. Yake ilikuwa mbili. Ya Daktari Mburu, msimamizi wake pale chuoni Eldoret, ilikuwa nne.

Namba yenyewe ni ya atomi. Unazinasa kwenye mtego, unazipoza kwa leza mpaka zinakaribia kusimama, baridi ambayo hata mji wa Burnt Forest mwezi wa Julai hauijui. Halafu unazipiga mwanga mwingine, zinasisimka. Zikishasisimka hazikai. Kuna zinazotulia zenyewe, zinatema mwanga na mambo yanaisha. Nyingine hukutana mbili mbili, zinagongana, na nguvu ya hapo inazirusha zote mbili nje ya mtego. Kageha alitafuta kasi ya hiyo migongano kwa kompyuta. Leza yenyewe hakuwahi kuiona. Vipimo vilitoka ng'ambo, vile vile ambavyo Mburu alivitumia miaka minane iliyopita kupata nne yake, nne iliyomjengea jina.

"Tafuta kosa lako," Mburu alikuwa amemwambia. "Semina ni Alhamisi saa tano. Ukifika kwa nne, Novemba unavaa joho."

Joho! Mama yake, Emmaculate, alishatangaza kanisani kule Soy. Nguo ilishashonwa, na mbuzi wa sherehe alikuwa amefungwa nyuma ya jikoni, ananenepa.

Alhamisi asubuhi Kageha akiwa anavaa viatu, simu ikalia. Mama alikuwa amewaka.

"Huyu katekista Javan ataniua! Si Jumamosi tuna ile harusi ya pamoja? Akaniambia harusi kumi, nikaoka keki kumi. Kumbe alihesabu majina kwa orodha! Maharusi ndio kumi, Kageha. Harusi ni tano! Sasa hizi keki tano nizipeleke wapi?"

Kageha alicheka mpaka kicheko kikakatika ghafla. Akaacha kiatu kimoja, akafungua makala ya Mburu, ukurasa wa sita. Ehe! Kila atomi iliyopotea mtegoni, Mburu aliihesabu mgongano mzima. Lakini mgongano mmoja hutoa atomi mbili. Mzee wa watu alikuwa ameoka keki maradufu kwa miaka minane na hakuna aliyemwambia.

Angefurahi, lakini akakumbuka kazi yake mwenyewe. Sura ya tatu na ya nne za tasnifu yake zilisimama juu ya ile nne ya Mburu. Akisema kweli, anabomoa nyumba yake mwenyewe. Akizidisha tu mara mbili mahali fulani, akanyamaza, nani atajua? Haki ya Mungu, alifikiria hivyo njia nzima.

Kwenye semina Mburu alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. "Na namba yako?"

Mguu ulitikisika nyuma ya meza. "Mbili, Daktari."

Watu wakaguna. Akaeleza, sauti ikimpanda na kushuka: mgongano mmoja, atomi mbili, makala ilihesabu vichwa. Mburu aliinuka, akachukua chaki, akapiga hesabu ubaoni. Akaifuta. Akapiga tena, polepole. Mwisho akaandika mbili, akabaki amekipa chumba mgongo.

"Ni kweli," alisema. "Miaka minane, na ni kweli." Kisha akageuka. "Sura ya tatu na ya nne utaandika upya. Novemba haiwezekani tena, Kageha."

"Najua, Daktari. Nilijua nikiingia hapa."

Nje, chini ya ukuta wa maabara, alimpigia mama yake.

"Mama, huyo mbuzi mfungue arudi malishoni."

"Uwi! Umeanguka?"

"Hapana, Mama. Nimepatia."

"Sasa mbona unalia?"